Ndara ikikuchomokea kwenye feri, wacheka vipi?

MvukaLikoni
Salaam aleikum wanabaraza. Jambo dogo hili, ila lina jasho lake. Mtu yuwashuka mteremko wa feri Likoni, watu nyuma tele, mara mkanda wa ndara wachomoka. Au aitikia kwa sauti salamu ambayo haikuwa yake. Twaambiwa tujicheke, lakini kicheko cha kulazimisha huonekana na chazidisha aibu. Mtu aanze na lipi? Na hiyo ndara aifanyeje?

Fundi_Majengo
Anza na miguu. Ukisimama ghafla pale utakanyagwa, kwa hivyo sogea pembeni ndipo uiname. Mara nyingi mkanda haujakatika, ni kile kifundo cha chini kimepita kwenye tundu la soli. Mteremkoni kidole gumba chasukuma mkanda mbele, wa nyuma akikukanyaga kisigino soli yabaki, basi kifundo chavutwa juu, na tundu lililochakaa halikizuii. Kitie maji kidogo, kikunje, kisukume kutoka juu huku wakivuta kwa chini. Kitakufikisha ng'ambo.

Nyumbani kata plastiki ngumu mviringo, kama sarafu ya shilingi 20. Tia tundu dogo katikati na mpasuo mmoja hadi ukingoni, uichomeke kati ya soli na kifundo. Lakini ikiwa shina lenyewe limekatika, vua zote mbili. Kuvaa moja ndiko kunakochekesha.

Bi_Barazani
Mwanangu, kicheko cha uongo ni kile kirefu. Cheka kifupi, tena baada ya kumtazama mtu mmoja usoni, si kuutazama umati. Kisha sema sentensi moja ya kile kilichoonekana: "Hii ndara imekataa kuvuka." Basi, endelea na safari. Ukianza kueleza ilinunuliwa lini, umeharibu.

Salamu isiyo yako, imalizie. Usiugeuze mkono uliouinua ukajifanya wakuna kichwa, hiyo kila mtu aijua. Uso ukipata moto, ni mishipa midogo imetanuka damu ikajaa. Uache, utapoa wenyewe.

Na wanaokuona ni wachache kuliko udhanivyo. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi waliovishwa fulana yenye picha ya kuaibisha wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Wavaaji walikisia kama nusu ya waliokuwemo wameitambua ile picha kifuani. Waliotambua hawakufika hata robo.

KijanaWaKisauni
Bi mkubwa, shikamoo. Naongeza kitu: kujicheka hakumfai kila mtu kila saa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha watu kanda za mtu akijibu maswali. Aliyepata asilimia 92 kisha akajimwagia kahawa alipendwa zaidi; aliyepata asilimia 30 akamwaga vilevile, alipendwa kidogo kuliko kama hakumwaga. Kwa hivyo siku ya kwanza kazini, kabla hawajaona ujuzi wako, usijipigie mzaha mara tatu. Mara moja yatosha.

Na chai ikimwagikia kanzu ya mwenzako, hapo hakuna kicheko. Pole kwanza, maji baridi papo hapo, usisugue. Akicheka yeye, nawe ucheke.

MvukaLikoni
Shukran sana. Na kikoi kikilegea njiani?

Fundi_Majengo
Hicho hulegea kwa sababu kimefungwa miguu ikiwa pamoja. Kila hatua yavuta kitambaa, pindo lafunguka. Tanua miguu upana wa mabega, leta ncha moja mpaka nyongani, ipitishe ya pili juu yake kwa nguvu, ndipo ukunje ukingo wa juu nje mara tatu, tumbo ukiwa umelivuta ndani. Kikiwa kipya kifue kwanza, ile wanga ya dukani huteleza. Na ndani vaa kaptura, yakhe.