Tupeane uzoefu: spea za breki za gari la zamani mlizipataje?

Kisiki cha Mpingo
Wakuu salaam. Kuna Pijo 504 stesheni ametuachia mzee. Injini bado inaita, bodi haijaoza, shida ni breki. Masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) inavujia nyuma, mafuta yanaingia kwenye busta inayoongezea mguu nguvu, na wili silinda (ile ya kwenye tairi) moja ya nyuma imeganda kabisa. Maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nimezunguka duka kwa duka. Ukitaja Pijo muuzaji anakutazama usoni, anauliza "ya mwaka gani hiyo?", na kabla hujajibu ameshamgeukia mteja wa IST. Mmoja alinitolea ripea kiti (seti ya raba za kukarabatia silinda) safi, boksi limeandikwa 504. Fundi kuifungua, raba zinacheza ndani ya silinda. Wenye magari ya zamani mnatokaje? Yaliyowakuta yamwageni hapa. Wale wa "uza chuma chakavu" nimeshawasikia nyumbani.

Mla Ugali Mkavu
Uza chuma chakavu.

Fundi Bisibisi
Mkuu, hiyo kiti huenda wala si feki. 504 zilitoka na breki za makampuni tofauti: kuna zenye Girling, kuna zenye DBA, na nyingine Teves. Gari ni lile lile, raba haziingiliani. Ukienda dukani usiseme "504", fungua silinda yenyewe, isugue kwa brashi ya waya, soma jina lililo kwenye chuma. Halafu pima pistoni kwa venia, kile kipimo cha vipenyo. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza kipenyo, hana haja na jina la gari.

Kisiki cha Mpingo
Asante sana fundi. Kesho naifungua.

Jirani wa Namanga
Habari zenu ndugu zetu. Mimi niko Nairobi, mzee wangu aliendesha 504 pikapu mpaka macho yakamkataa. Huku zilikuwa zikiunganishwa Mombasa hadi miaka ya 2000, kwa hivyo vyuma bado viko. Nenda kwa wauza spea wa Grogan, Kirinyaga Road, lakini usiingie maduka ya mbele yenye vioo. Ingia nyuma, kwa wale wazee wenye rafu za mbao na vumbi. Wengine huuza kama hawataki kuuza. Mmoja nilimwonyesha silinda iliyovunjika, akaigeuza mkononi mara moja, akaingia chini ya kaunta akatoka na mwenzake ndani ya karatasi ya nta. Bei aliyotaja ilinifanya nikae chini. Ila ilikuwa yenyewe.

Chaser ya Tabata
Ndiyo maana sisi tunanunua Toyota. Spea ziko mpaka kwa mangi.

Kisiki cha Mpingo
Mkuu hatujakuuliza. 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Wakati huo babu yako alikuwa na baiskeli.

Chaser ya Tabata
Na Toyota ikabeba 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Tuendelee?

Ukhti wa Mwanakwerekwe
Nyie mnagombana, mie nna Toyota na imenitoa jasho vile vile. Corolla KE70 ya marehemu baba, hapa Unguja. Mdogo wangu yupo Sharjah, kule eneo la magari mabovu, nikamwambia nitafutie wili silinda za nyuma za Corolla ya zamani. Akaniletea mbili, zote za upande mmoja! Corolla za zamani ziko chungu nzima, yeye atajuaje nataka ipi? Sasa simtumii jina tena, namtumia namba ya spea. Breki shuu za Toyota namba huanza na 04495, pedi za mbele 04465, masta silinda 47201, halafu zinafuata tarakimu tano za gari yako. Akishapata hiyo, ile akiona kwenye boksi ndo hiyo hiyo. Na picha apige kabla ya kulipa, si baada.

Chaser ya Tabata
Dada umenifungulia macho. Hii naihifadhi.

Bwana Shamba Mstaafu
Mnahangaika bure. Sisi Songea enzi zile raba ikiisha tulikuwa tunachonga, na mafuta ya breki yakikosekana tunatia maji ya sabuni. Gari inafika.

Fundi Bisibisi
Mzee shikamoo, ila hilo la sabuni naomba lisikae hapa bila jibu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya 205, na hata yakishanyonya unyevu yanatakiwa yavumilie mpaka 140. Ukishuka mlima na maji kwenye paipu yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inaenda chini huku unatabasamu. Na wale wanaoongezea oili ya injini au ya gia boksi, raba za breki zinavimba zote, kuanzia masta mpaka tairi la mwisho. Hapo huongelei ripea kiti moja tena.

Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba. Lakini tulifika.

Mtoto wa Ngamiani
Hilo la pedali kwenda chini limenikumbusha jambo, ngoja niliseme.

Nilikuwa naendesha Landrover 109, Siriz Three, ya tajiri mmoja wa Lushoto. Kazi yetu kabichi na karoti kuteremsha Mombo kusubiri malori ya Dar. Wili silinda ya mbele kushoto ikaanza kuvuja. Tanga mjini hakuna, Korogwe hakuna, tajiri akaagiza Dar, majibu kila siku "inakuja". Mzigo unaoza. Fundi akasema dawa ipo: akafungua paipu ya lile tairi, akatia goroli, akakaza nati. Yaani ameliua breki tairi moja, matatu yanabaki. Wanaojua gereji za bara wanaijua hiyo, si jambo geni.

Siku mbili tatu ikaenda. Siku yenyewe tumejaza kabichi mpaka juu ya keria, pembeni yangu kakaa mzee mmoja msukuma toroli wa sokoni, kaomba lifti. Mpaka Soni shwari. Tumepita Soni, ile njia mnaifahamu, kulia jiwe kushoto bonde, kona juu ya kona. Nasikia harufu ya breki shuu inaungua. Nikasema nitapumzisha kona inayofuata. Nakanyaga, pedali nusu. Napampu, robo. Napampu tena, mguu umegusa bati.

Niko gia ya tatu. Nikalazimisha ya pili, gia boksi ikapiga kelele lakini ikaingia, gari ikashika kidogo. Hapo utingo kule nyuma kashaanza kupiga bodi. Kona inakuja kali, nikavuta handibreki kwa mikono miwili. Nikasikia KA! chini ya gari, na gari ikawa nyepesi kama imechomolewa. Injini imeshuka saileni, kama gari limesimama, sisi tunakwenda kasi zaidi. Ekseli ya nyuma imekatika. Gia haishiki, handibreki haishiki, pedali ni pambo.

Yule mzee wa toroli, ambaye tangu tuondoke hajasema neno, akanyoosha mkono akagonga chini kile kirungu cha njano. Fowili ikaingia, matairi ya mbele nayo yakashika. Injini ikalia, pua ya gari ikazama, mwendo ukakatika. Nikaiegemeza kwenye ukingo wa kulia, bodi ikasuguana na jiwe mpaka tukasimama. Kabichi zikaendelea bila sisi.

Kumbe yule mzee alikuwa dereva wa serikali zamani, wa hizo hizo 109.

Mla Ugali Mkavu
Duh.

Chaser ya Tabata
Mkuu chai hiyo. Handibreki inakataje ekseli? Inashika tairi la nyuma tu, basi.

Mtoto wa Ngamiani
Umeshawahi kulala chini ya Landrover au unaziona barabarani? Handibreki yake haiko kwenye matairi, ina dramu yake nyuma ya gia boksi, inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukiivuta gari iko mbio na mzigo, nguvu yote inakwenda kwenye ekseli.

Fundi Bisibisi
Yuko sahihi. Ndiyo sababu ekseli ikikatika unapoteza vyote, gia na handibreki, maana kilichokuwa kinaunganisha shafti na tairi hakipo. Ukitia fowili, shafti ya mbele inarudisha mshiko. Mzee alikuwa anajua anachofanya.

Ukhti wa Mwanakwerekwe
Subhanallah. Na utingo je?

Mtoto wa Ngamiani
Aliruka mapema. Tulimkuta juu huko anaokota kabichi, anadai nauli ya kurudi.

Jirani wa Namanga
Na silinda ilipatikana?

Mtoto wa Ngamiani
Iko ndani ya bahasha kwenye basi, imefika Mombo jioni ile ile. Tajiri aliitazama, akaitia mfukoni, akaondoka.

Kisiki cha Mpingo
Jamani pole kwa Landrover, lakini uzi wangu wa Pijo. Nimesugua silinda: nyuma ni Girling, masta imeandikwa DBA. Sasa?

Fundi Bisibisi
Huenda kuna mtu kabla yako alibadilisha upande mmoja, au ilitoka hivyo, usihangaike na historia. Masta kama ukuta wa ndani una mashimo ya kutu, raba mpya haitadumu. Tafuta tona (fundi wa kukereza chuma) mzuri aitanue, asukumie slivu, yaani bomba jembamba la ndani, ya stenlesi, arudishe kipenyo kile kile cha mwanzo. Tundu dogo la kurudishia mafuta alitoboe upya na alisafishe kingo. Akilisahau breki zitabaki zimeshika na utadhani umetapeliwa raba.

Bwana Shamba Mstaafu
Slivu ni kupoteza hela. Masta ya Hiace inaingia ukitoboa upya matundu ya bolti.

Fundi Bisibisi
Inaingia mzee, lakini kipenyo kikizidi pedali inakuwa ngumu, kikipungua inakwenda mbali. Bolti siyo breki.

Jirani wa Namanga
Ya nyuma ya Girling nitumie picha yenye vipimo, Jumamosi nitakuwa mjini nimpitie yule mzee. Lakini mabei yake usinilaumu.

Kisiki cha Mpingo
Natuma sasa hivi. Fundi, kutoa upepo kwenye paipu za breki nianzie tairi gani?

Fundi Bisibisi
La mbali zaidi na masta kwanza, umalizie la karibu. Mafuta kopo jipya lililofungwa, lile lililofunguliwa mwaka jana mpe mtu wa bawaba.