Nimepata ajali na gari la kukodi, mwenye gari anataka nilipe matengenezo yote. Bima kubwa kazi yake nini?

Mchaga_wa_Tabata

Wakuu, naomba msaada wa haraka kwa wanaojua mambo ya bima na sheria.

Nilikodi Rav4 hapa Dar kwenda Moshi msibani na kurudi. Naendesha mwenyewe, elfu 90 kwa siku, nikaacha dipoziti ya laki 3 na kitambulisho cha NIDA. Jina langu ndilo liko kwenye mkataba na leseni yangu ni hai.

Wakati wa kurudi, tumeshapita Mombo tunakuja Korogwe, saa moja na nusu usiku, bodaboda akaingia lami kutoka njia ya vumbi bila taa. Nikafunga breki na kukwepa, nikamgusa tairi la nyuma, gari likaishia kwenye kalavati. Kijana kavunjika mguu, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ilitoka usiku uleule, amelazwa. Sisi wa ndani ya gari wazima. Trafiki wakaja, wakapima barabara na kuchora, wakachukua maelezo yangu.

Gari limeumia mbele: bampa, shoo, taa ya kushoto, bonneti, rejeta na fenda. Fundi wa mwenye gari kasema milioni 4.6. Jamaa anataka nitoe hiyo yote, pamoja na elfu 90 kila siku mpaka gari litoke gereji. Nikimuuliza bima anasema, "Bima inachelewa, wewe lipa, mimi nitafuatilia yangu."

Mkataba ni ukurasa mmoja. Kipengele cha 3: "Gari lina bima kubwa." Kipengele cha 7: "Mteja atawajibika kwa uharibifu wowote utakaotokea gari likiwa mikononi mwake." Leo mchana kanipigia niende kituo cha polisi jirani na ofisi yake nikasaini karatasi ya kukiri deni. Niende?

Kisiki cha Mpingo

Pole sana mkuu. Ushauri wangu, kaa naye mshuke bei, mlipe yaishe. Kesi za magari utazungushwa mpaka uchoke, na wakili naye anataka chake.

Stika_Halali

Huo ushauri hapo juu mwekee kando kwanza. Nimefanya kazi ya madai ya bima za magari kwa muda, ngoja nikupe picha.

Usiende kusaini kitu leo. Anachokudai ni deni la mkataba, tena halijathibitishwa, na polisi hawakusanyi madeni ya watu. Ukishaweka sahihi kwenye "nakiri kudaiwa milioni 4.6" umemwondolea kazi ya kuthibitisha chochote. Kama polisi wenyewe wanakuita kuhusu ajali, hapo unaenda bila kusita, na ajali yako iko Korogwe, siyo jirani na ofisi yake.

Sasa bima. Bima kubwa inabeba mambo mawili makubwa: gari lenyewe (kugonga, kuungua, kuibwa) na madhara kwa mtu wa tatu, yaani huyo bodaboda. Anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye gari, akiwa na leseni halali ya daraja husika, kwa kawaida anahesabika ndani ya bima hiyo. Dai likipita, kampuni inalipa matengenezo ikiacha kiasi ambacho mteja anabeba mwenyewe. Mara nyingi ni asilimia 10 ya dai, na kuna kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye mkataba wa bima. Kwenye milioni 4.6 hiyo ni kama 460,000. Hiyo ndiyo hela ambayo jamaa angekuwa na hoja ya kukudai. Akichukua milioni 4.6 kwako, kisha "akafuatilia yake" bima, atakuwa amelipwa mara mbili kwa bampa moja. Bima haiko hivyo. Inamrudisha mtu pale alipokuwa, haimwongezei.

Lakini ninachokiogopa ni kitu kingine. Mwenye gari anayekwepa kwenda kwenye bima yake, mara nyingi ana sababu. Muombe kavanoti, ile hati ya bima yenyewe, usiombe stika. Angalia palipoandikwa matumizi: ni binafsi au ni biashara ya kukodisha? Wenye magari wengi wanakata ya binafsi kwa sababu ni nafuu, halafu wanakodisha. Kampuni ikigundua gari lilikuwa kwa mteja wa kulipia, dai la gari linakataliwa. Hapo ndipo kipengele cha 7 kinapoanza kung'arishwa.

Na gari lisiguswe kabla mtathmini wa kampuni hajaliona. Likishafunguliwa gereji, dai linaanza kuchechemea.

Mchaga_wa_Tabata

Mkuu asante. Gari limeshavutwa mpaka gereji Dar. Bonneti imefunguliwa, nimeona kwenye picha alizonitumia.

Stika_Halali

Hizo picha zitunze, na tarehe zake. Mwandikie leo kwa ujumbe, siyo kwa simu: "Naomba nakala ya kavanoti na uthibitisho kwamba umeitaarifu kampuni ya bima kuhusu ajali." Sentensi moja tu, usigombane. Kwa upande wako, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, uweke namba ya gari, utaona bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Ukishajua kampuni, nenda kaitaarifu ajali mwenyewe kwa barua, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Hakuna anayeweza kukuzuia kufanya hivyo.

Binti Sheria

Kaka, pole. Niongeze upande wa mkataba.

Kipengele cha 7 kinatisha kukisoma, lakini hakisimami peke yake. Kipengele cha 3 ni ahadi. Ulikodi gari lenye bima kubwa, na bima kubwa kwa mtu anayekodi ina maana moja tu, kwamba inafanya kazi likiwa limekodishwa. Kama kavanoti inasema binafsi, basi aliyekuahidi kitu ambacho hakipo ni yeye, na hoja yako inaanzia hapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu makini angetunza ya kwake. Kipengele cha 7 kinajaribu kukubebesha zaidi ya hapo, na ndiyo maana mchoro wa trafiki ni muhimu sana kwako. Mchoro ukionyesha boda ametoka pembeni hana taa na wewe ulikuwa upande wako, mazungumzo yanabadilika.

Elfu 90 za kila siku: sheria hiyohiyo, kifungu cha 73 na 74, inazungumzia fidia ya hasara halisi na ya haki. Gari la kukodi halitoki kila siku. Na haiwezekani lilale gereji miezi miwili kwa sababu fundi anasubiri taa kutoka Dubai, halafu mita inasoma kwako. Mwambie alete kumbukumbu za kukodisha za miezi ya karibuni na makadirio ya gereji mbili nyingine.

Jambo ambalo naona watu wanalipita: faini. Kama trafiki alikuandikia notisi ya elfu 30 na ukailipa, umekubali kosa, na karatasi hiyo itatembea mpaka kwenye dai la majeruhi. Ulilipa?

Mchaga_wa_Tabata

Sikulipa. Waliniambia wanamsubiri majeruhi atoe maelezo kwanza.

Binti Sheria

Vizuri. Usilipe kwa ajili ya "kuondoa usumbufu". Kama unaona huna kosa, una haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Fuatilia pia PF 90 Korogwe, bila hiyo taarifa ya polisi dai la bima haliendi mbali.

Kisiki cha Mpingo

Na bodaboda je? Mbona kila mtu anaongelea bampa wakati kuna binadamu kitandani?

Stika_Halali

Swali la maana. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu kwa kifo na majeraha. Hata ile ndogo ya 118,000 inafanya kazi hiyo. Kwa hiyo dai la mguu wake linaelekezwa kwenye kampuni iliyokatia gari bima, kama itaonekana dereva wa gari ana kosa, lote au sehemu. Mleta mada, kwenda kumjulia hali na kusaidia dawa ni utu, wala hakukufanyi mwenye kosa. Ila usiandike kokote kwamba ulimgonga kwa uzembe, wala usikubaliane na familia kiwango cha fidia kabla bima haijajua. Mikataba mingi ya bima inakataza mteja au dereva kukiri kosa bila kampuni kuridhia.

Tatizo ni pale matumizi yanapokuwa ya binafsi. Kampuni inaweza kuleta ubishi hata kwenye dai la majeruhi. Na sheria hiyo haimgusi mwenye gari peke yake, inamgusa anayeendesha na anayeruhusu gari liendeshwe bila bima inayotakiwa. Ndiyo maana nasema kavanoti iangaliwe kabla ya kushika funguo.

Mama Kodisha Sinza

Mimi nina magari matatu ya kukodisha, ngoja na sisi tusikike kidogo. Mteja anakuambia anakwenda Bagamoyo, unapigiwa simu gari liko Kilosa limepakia magunia. Mwingine anampa shemeji yake usukani, shemeji hana leseni. Ndiyo maana vipengele kama cha 7 vipo.

Lakini huyu bwana amekosea. Magari yangu nimeyakatia ya biashara, ni ghali kweli, na gharama hiyo nimeiweka kwenye bei ya siku. Mkataba wangu unataja kiasi ambacho mteja atachangia ikitokea ajali, kwa tarakimu, na siku za gereji ninazomdai zina kikomo. Mteja akiwa na makosa yake, kama pombe au dereva ambaye hayumo kwenye mkataba, hapo anabeba yote na hatugombani. Kitambulisho cha mtu sikikai nacho, nachukua nakala.

Pwani_Kenya

Hapa Mombasa ni yale yale. Wengi wana bima ya gari la kibinafsi na wanalikodisha kwa watalii. Sheria yetu ni Sura ya 405, na fidia ya majeruhi kwa bima ina kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja, kinachozidi kinakurudia. Siku hizi kabla sijachukua gari naomba nione cheti, nakipiga picha, na nalizunguka gari na video, hadi chini ya bampa. Wengine wanakasirika. Wakikasirika naenda kwa mwingine.

Mchaga_wa_Tabata

Mrejesho, wakuu. Nimemtumia ule ujumbe wa kavanoti. Kakaa kimya siku nzima, jioni katuma picha imekatwa nusu, upande wa matumizi haupo. Nimeomba nzima. Kampuni nimeipata kwenye TIRA, nimepeleka barua, dada wa mapokezi kanigongea muhuri. Akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake au umekodi?" Nikasema nimekodi. Akaandika.

Nusu saa baadaye mwenye gari kapiga. Sauti imeshuka. Anasema tukae, nimpe laki 8 na dipoziti ibaki kwake, mambo ya bima tuyaache.

Stika_Halali

Hiyo picha iliyokatwa ni jibu tosha.

Kukaa naye kaa, ila usitoe hata shilingi kabla PF 90 haijatoka na kampuni haijakujibu kwa maandishi. Wakikataa dai kwa sababu ya matumizi, barua yao ya kukataa ndiyo ushahidi wako dhidi ya kipengele cha 3. Wakikataa kwa sababu isiyoeleweka, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mwenye gari anaweza kulalamika huko, kwa hiyo mwambie aende. Mkifikia muafaka wowote, uandikwe, uwe na mashahidi wa pande zote mbili, useme umemaliza madai yote ya gari, na NIDA yako irudi palepale mezani. Dai la bodaboda lisiingizwe kwenye karatasi hiyo.

Binti Sheria

Na mkutane ofisini kwa wakili au serikali ya mtaa. Siyo gereji, wala siyo pale kituoni.

Mchaga_wa_Tabata

Sawa. Jumatatu naanza na Korogwe kufuata PF 90, nipitie na hospitali.