Nyumba ya Bibi: Zuhura yuko Lisbon

IJUMAA

Zuhura: Assalaam aleikum nyumba nzima. Mimi na Faraj tumefika Lisbon, Ureno, salama, alhamdulillah. Ni siku tatu tu, Jumatatu usiku nina zamu hospitalini. Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa.

Mama Mdogo Rukia: Waaleikum salaam mwanangu. Nimekaa na Bibi hapa, anasema marahaba. Anauliza mkwe wake amekula?

Zuhura: Bado. Tulitoka uwanja wa ndege kwa treni ya chini ya ardhi, tukaenda moja kwa moja msikitini kuwahi Ijumaa. Ndio msikiti mkuu wa hapa, ulifunguliwa 1985, na wengi walioanzisha jumuiya yake walitoka Msumbiji. Upande wa wanawake nimekaa ubavuni mwa bi mzee mmoja wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kumwambia mimi wa Mombasa, akanishika mkono akaanza kunisemesha Kimwani, lugha ya kwao! Nusu naelewa, nusu inanipita. Ni kama mtu wa nyumbani anazungumza akiwa chumba cha pili.

Nasra: Maa shaa Allah! Kimwani na Kiswahili ni mtu na ndugu yake.

Zuhura: Huyo bibi ndiye aliyetuelekeza pa kula. Kimkahawa kidogo cha Wamsumbiji, meza sita. Tumeletewa kitu kinaitwa matapa. Mama mdogo, nilipofunua sahani nilikuona wewe jikoni.

Mama Mdogo Rukia: Kina nini ndani?

Zuhura: Majani ya muhogo yaliyotwangwa, njugu zilizosagwa, tui la nazi na kamba.

Mama Mdogo Rukia: Hicho ni kisamvu! Mmesafiri mpaka Ulaya kwenda kula kisamvu?

Zuhura: Na pembeni sambusa, wao wanaziita chamuças. Na kichupa cha piri-piri. Pilipili yetu hiyo, imebadilisha herufi tu.

Ami Abdalla: Salaam. Nimesoma yote. Zuhura, kumbuka muhogo wenyewe asili yake ni Brazil. Ulivuka bahari kwa meli za Wareno, pamoja na mahindi, nanasi na mkorosho. Sahani uliyokula leo imezunguka bahari mbili.

Mama Mdogo Rukia: Ami, nimemsomea Bibi. Anasema muhogo ni wa shamba la baba yake na hajui habari za Brazil.

Ami Abdalla: Mwambie Bibi nitakuja kesho tuzungumze kwa kahawa.

JUMAMOSI

Zuhura: Sabalkheri. Leo tuko Belém, kule mto Tagus unakoelekea baharini. Tumepanda tramu namba 15. Ile namba 28 maarufu, ya kupanda vilimani, tumeiacha: watu wamebanana mno, na kila mtu anatuonya kuhusu wezi wa mifukoni.

Zuhura: [picha] Hii ni Jerónimos, nyumba ya watawa. Ilianza kujengwa 1501, ikachukua karibu miaka 100. Tazameni nguzo, wamezichonga kamba za meli na vifundo vyake. Fundi wa jahazi angesimama hapa akaanza kuhesabu mikunjo.

Swaleh: Jiwe hilo? Mbona jeupe kama chumvi?

Zuhura: Jiwe la chokaa, jua likilipiga linauma macho. Sasa sikilizeni. Unaingia mlango wa kanisa, na mkono wa kushoto tu, karibu na mlango, pana kaburi. Mtu wa jiwe amelala chali, mikono imekutana kifuani. Ni Vasco da Gama.

Nasra: Huyu huyu wa nguzo yetu Malindi?

Zuhura: Huyu huyu. Nguzo ya darasa la nne, tulipopelekwa kwa basi la shule nikatapika njiani.

Ami Abdalla: Aliondoka hapo Belém Julai 1497. Aprili 1498 akafika Mombasa, hakukaribishwa. Wiki moja baadaye yuko Malindi, na Malindi ndiko alikopewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, Uhindi. Huyo rubani wetu hana kaburi lenye sanamu popote.

Nasra: Ami umesema kweli. Watalii wanakuja kupiga picha msalaba juu ya nguzo, hakuna anayemuuliza rubani.

Ami Abdalla: Na hiyo nyumba ya watawa ilijengwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya Afrika na Uhindi, sehemu moja katika ishirini. Waliuita kwa jina la pilipili. Zuhura, ulijisikiaje hapo kaburini?

Zuhura: Ami, nilidhani nitakasirika. Nilisimama kama dakika kumi. Nilichohisi ni kama kuingia nyumba ya mtu nikakuta vyombo vyetu kabatini. Sikutaka kupiga kelele. Nilitaka kuvihesabu.

Mama Mdogo Rukia: Pole mwanangu. Sasa tuambie habari ya vile vitumbua vya mayai.

Zuhura: Pastéis! Duka lenyewe liko hatua chache kutoka kwa watawa, liko hapo tangu 1837. Foleni imefika barabarani lakini inakwenda mbio. Unga wake umekunjwa tabaka tabaka, mwembamba, ukiuma unavunjika kama jani kavu. Ndani ni kastadi ya viini vya mayai, ya moto, juu imeungua madoadoa meusi. Unajinyunyizia mdalasini mwenyewe. Wanasema watawa walitumia ute wa mayai kupigia nguo wanga, viini vikabaki tele, ndipo vikaanza vitamu hivi.

Mama Mdogo Rukia: Kastadi ina maziwa au maji?

Zuhura: Maziwa na sukari, zaidi ya hapo ni siri, wanaojua ni wachache na hawasemi. Ila nadhani kazi kubwa ni tanuri. Moto mkali sana na muda mfupi. Oveni yetu haifiki.

Mama Mdogo Rukia: Mkaa juu, mkaa chini. Mkate wa sinia tunaupika hivyo. Nitajaribu.

Zuhura: Jambo jingine, na hili nimelikusanya tangu jana. Nasoma vibao vya mji huu kama mtu aliyepotea akakuta anaijua njia. Mgahawani ni mesa. Kanisa ni igreja, na sisi tukachukua neno hilo tukafanya gereza. Dukani pa kulipia pameandikwa caixa, kasha hilo. Bendera ni bandeira. Na dirishani kwa muuza vitambaa, Bibi, pameandikwa lenço. Leso!

Mama Mdogo Rukia: Bibi amecheka mpaka amekohoa. Anauliza, wanavaa mbili?

Zuhura: Wanafunga moja kichwani Bibi, na wengi ni wazee. Doti yenye jina ni yetu sisi.

Swaleh: Usisahau karata. Kopa, shupaza, uru, pau, turufu. Zote za Wareno. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa anazungumza Kireno kila jioni barazani bila kujua.

Ami Abdalla: Swaleh umeniliza. Babu yako na turufu yake ya mwisho.

Zuhura: [picha] Jioni tumepanda Alfama, mtaa wa zamani. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za moto. Waislamu waliutawala mji huu zaidi ya miaka 400, mpaka 1147. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilibomoa sehemu kubwa ya Lisbon lakini vichochoro hivi vingi vilisalia. Kule bondeni walijenga upya kwa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta wakatia mifupa ya mbao ili nyumba icheze isianguke. Huku juu ni Kibokoni mtupu, kama Mji wa Kale wetu Mombasa: ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nguo zimeanikwa juu ya vichwa, na bibi yuko dirishani anaujua mwendo wa kila mtu.

Nasra: Harufu yake?

Zuhura: Samaki wa kuchoma! Juni ndio mwezi wa dagaa wakubwa, sadini. Sikukuu ya Mtakatifu Antonio ilikuwa wiki hii, mapambo ya karatasi bado yananing'inia. Watu wametoa majiko mlangoni. Samaki mzima, chumvi ya mawe, mkaa, basi. Anawekwa juu ya kipande cha mkate, mafuta yanaingia mkateni, na ukimaliza samaki unakula mkate. Faraj amekula saba, mifupa ameipanga ukingoni mwa sahani kama kitana.

Mama Mdogo Rukia: Na lile samaki lao la kukausha?

Zuhura: Bacalhau. Limepangwa dukani kama mbao, harufu inakupokea mlangoni. Mama mdogo, ni papa mkavu kwa kila kitu isipokuwa jina. Linalowekwa siku nzima au mbili, maji yanabadilishwa mpaka chumvi itoke. Nimelila limechambuliwa, limechanganywa na viazi vyembamba vya kukaanga na mayai. Zuri, ila nilitamani ndimu na nazi. Na cha ajabu, samaki huyo hatoki bahari yao, anatoka mbali kaskazini, wengi Norwei.

Swaleh: Lala sasa, kesho mna miguu ya kupanda tena.

JUMAPILI

Zuhura: Ami Abdalla, uko hapo?

Ami Abdalla: Nipo. Niko kwa Rukia, tumo kwenye kahawa na Bibi.

Zuhura: Niko jumba la makumbusho ya sanaa ya kale, mtaa wa Janelas Verdes. Tuliingia ili Faraj apumzishe magoti. Kuna chumba kina chombo kimoja cha dhahabu ndani ya kioo. Urefu kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Ni chombo cha ibada cha Wakristo, cha kuwekea mkate wao mtakatifu. Katikati wamepiga magoti watu kumi na wawili, wadogo kama punje za tende, kila mmoja na nguo ya rangi yake. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Chini kwenye kitako, ndege na maua.

Zuhura: Nilisoma maelezo ukutani nikarudia mara tatu. Kilitengenezwa 1506 kwa dhahabu ya Kilwa.

Ami Abdalla: Subhanallah. Custódia de Belém. Nimekisomea miaka na miaka, sijapata mtu aliyekiona kwa macho yake.

Swaleh: Kilwa yetu? Ya kina mama yake Bibi?

Ami Abdalla: Kilwa Kisiwani hasa. Sikilizeni watoto. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi, safari hii na kundi la meli za vita. Akatia nanga Kilwa akamwambia Amir Ibrahim: lipa, au mji unachomwa. Kilwa ikalipa. Mithkali 1,500, zaidi ya kilo 6 za dhahabu. Akazipeleka kwa mfalme wao Manuel, mfalme akaagiza kifuliwe chombo hicho na mwishowe akakiachia nyumba ile ile ya watawa aliyoingia Zuhura jana. Na kulipa hakukuwasaidia. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Almeida, akaja, akaiteka Kilwa, kisha akaja kuchoma Mombasa.

Nasra: Kwa hiyo mlilipa na mkapigwa.

Ami Abdalla: Wakalipa na wakapigwa. Na pesa ya Msumbiji leo ni metical, mithkali hiyo hiyo.

Swaleh: Huku Muscat ngome zao mbili bado zimesimama bandarini. Waomani waliwatoa hapa 1650, ndio wakawafuata mpaka Fort Jesus, 1698.

Zuhura: Ami, wageni wanaingia, wanasema kizuri, wanatoka. Na ni kizuri kweli, siwezi kusema vingine. Fundi alikuwa fundi. Lakini nimekaa kwenye benchi nusu saa sasa, Faraj ananisubiri mlangoni.

Mama Mdogo Rukia: Zuhura, nimemsomea Bibi kila kitu. Alinyamaza. Sasa anauliza: dhahabu yake ni ya manjano hii ya siku hizi, au ile inayovuta wekundu?

Zuhura: Mwambie ya manjano iliyoiva, Bibi, si ya kumeta sana.

Mama Mdogo Rukia: Ameenda kutoa kile kipini cha mama yake, alichotoka nacho Kilwa. Amekiweka mezani. Ami anamweleza kwamba dhahabu ile ilichimbwa bara, ikashushwa bandari ya Sofala, Kilwa ilikuwa ikifanya biashara yake tu.

Ami Abdalla: Na amenijibu: hata ikatoka bara, waliovuliwa ni watu wa Kilwa.

Zuhura: Bibi ana haki.

Mama Mdogo Rukia: Anauliza, wao wenyewe wamekiri? Au ni maneno ya kina Ami na vitabu vyake?

Zuhura: Wamekiri. Maandishi yako kwenye chombo chenyewe, yamezunguka kitako kwa Kireno cha zamani. Kwamba mfalme Manuel aliagiza kifanywe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa. Mlinzi ameniruhusu kupiga picha bila mwanga. Subirini, nazungukia nyuma.

Zuhura: [picha]

Zuhura: Nimekuza, angalieni kulia.

Mama Mdogo Rukia: Tumeiona. Bibi amevaa miwani. Anafuata kwa kidole: Q, V, I, L, O, A. Anauliza hiyo ya kwanza wanaitamka vipi.

Zuhura: Kama K, Bibi.

Mama Mdogo Rukia: Anasema basi ni Kilwa. Anataka picha hiyo isafishwe kubwa, akae nayo chumbani pamoja na kipini. Na msiikose ndege.