Naomba ushauri: mdogo wangu akikaribia kufanikiwa anajivuruga mwenyewe

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kigoma. Mdogo wangu anakamua mawese, na nia yake ni kuyafungasha vizuri, apate alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), auze hadi Dar es Salaam. Si mvivu hata kidogo. Tatizo huanza jambo likikaribia kutimia. Mteja wa Tabora akitaka sampuli, simu haipokelewi. Fomu zimejazwa, zimebaki kupelekwa tu, ghafla anaibuka na wazo la kununua dagaa Kibirizi. Mtaani wanasema karogwa, na mama keshaanza kuamini. Mimi siamini.

Nimesoma utafiti wa Berglas na Jones wa Marekani, mwaka 1978. Waliwapa wanafunzi maswali, wengine yasiyo na majibu, kisha wakawaambia wamefaulu sana. Kabla ya jaribio la pili wakawachagulisha dawa: ya kuchangamsha akili au ya kuidumaza. Wanaume waliosifiwa bila kujua wamefauluje walielekea zaidi kwenye ya kudumaza, ili wakishindwa wapate cha kusingizia. Hapo nilimwona mdogo wangu kabisa, maana tangu akiwa shule ukoo mzima unamwita "tajiri wetu". Huo ni mzigo mzito kwa kijana.

Mliowahi kuishi na mtu wa hivi, mlimsaidiaje? Tuache kumsifia mbele za watu? Au nimsindikize mwenyewe hadi fomu zifike? Nikimbana sana anahama nyumbani hata wiki nzima, na mama anaumia. Naombeni mawazo yenu.