Naomba ushauri: Aconcagua si volkano, nifundisheje?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia sekondari, na wanafunzi wangu, kwa kuzoea Kilimanjaro, huamini kila mlima mrefu ni volkano. Sasa tumefika Aconcagua ya Argentina, mita 6,961, na hapo ndipo ninapokwama. Miamba ya juu ni ya volkano ya kale, ila mlima umeinuliwa kwa miamba kukunjwa na kusukumwa. Bamba la Nazca, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia chini ya Pasifiki, huzama chini ya Amerika Kusini, lakini hapo hulala karibu bapa, kina cha kilomita 100 hivi, ndiyo maana magma (miamba iliyoyeyuka) haitokei. Kusini kidogo linainama zaidi, na volkano ya Tupungatito iko hai! Nichore nini ubaoni? Projekta hatuna. Aliyewahi kulifundisha anisaidie.