Tupeane uzoefu: kukusanya, kununua na kuuza santuri za jazz mtandaoni ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mzee wa Sindano, Mwanjelwa

Kamwene wakuu, na ndugu wa Rungwe mugonile. Uzi huu ni wa sisi tunaokusanya, kununua na kuuza santuri tukiwa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Habari za nani alirithi gramafoni kwa babu yake tuziweke pembeni. Lete hatua, kipimo, kosa, na sababu ya kosa.

Naanza na neno "jazz" lenyewe, maana linapoteza pesa za wengi. Huku kwetu jazz ni jina la bendi: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga. Muziki wenyewe ni dansi, yaani magitaa, saksafoni na mapigo ya rumba. Ukiiweka santuri ya Morogoro Jazz kwenye kundi la jazz huko Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri, anayetafuta Coltrane, yule mpiga saksafoni wa Marekani, ataipita, na anayetafuta dansi la Afrika Mashariki hataiona kabisa. Iweke kwenye kundi la muziki wa Kiafrika, halafu kwenye maelezo andika jina la bendi, mji wake, na nyimbo zote mbili, upande A na upande B, herufi kwa herufi kama lebo inavyosoma. Lebo ikiwa imekosea tahajia, usiisahihishe. Mnunuzi anatafuta kwa tahajia ileile.

Jina la bendi pia ni kalenda. NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, akafariki Januari 1979. Basi lebo yenye jina la Super Volcano haiwezi kuwa ya 1970, hata muuzaji akuapie. Ukiona "Tanganyika" kwenye lebo, anza kufikiria kabla ya Aprili 1964.

Kihesa 45

Mzee umefungua vizuri. Naongeza jambo la viwanda, maana linaeleza kwa nini santuri fulani ni adimu.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam au zilikwenda Nairobi, na santuri zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Matokeo yake, muziki mwingi wa mwisho wa miaka ya 1970 na wa 1980 umebaki kwenye mikanda ya redio na kaseti. Mtu akikuuzia "santuri ya TANCUT Almasi", bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha hapa Iringa, mwombe picha ya lebo pande zote mbili na maandishi yaliyochimbwa kabla hujatoa hata senti. Mengi ya enzi ile yalitembea kwa kaseti.

Maandishi yaliyochimbwa ni nini? Inamisha santuri chini ya taa. Kati ya mwisho wa mifereji na lebo kuna eneo tupu, na humo kuna herufi na namba zilizokwaruzwa kwa mkono au kugongwa kwa mhuri. Hiyo ndiyo namba ya kitambulisho. Toleo moja linaweza kuwa na kurasa tano Discogs, zenye picha ya jalada ileile, na namba hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye ukurasa sahihi. Kosa la kawaida ni kuoanisha jalada, na jalada si ushahidi.

Na msimbo wa mistari: santuri za biashara zilianza kuwekewa mistari hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Jalada la "1974" lenye mistari ya kuskani ni la kuchapwa upya.

Tunduma Mpakani

Kwa ukanda wetu, msiangalie Nairobi tu. Wanyakyusa wengi walikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini na Copperbelt ya Zambia, na TAZARA ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 ikaunganisha Mbeya na Kapiri Mposhi moja kwa moja. Ndiyo maana maboksi ya Kyela, Tukuyu na Vwawa huwa na lebo za Gallo, kampuni ya Afrika Kusini, na santuri za Zambia, vitu ambavyo huvikuti kwa urahisi Tanga.

Za Afrika Kusini, soma lebo taratibu. Santuri nyingi za jazz ya Marekani zilichapwa kule kwa leseni. Jina ni lilelile na jalada linafanana, lakini chini ya lebo pameandikwa kwamba imetengenezwa Afrika Kusini. Hiyo si toleo la kwanza la New York na bei yake haifanani. Jazz ya Waafrika Kusini wenyewe ndiyo ya kukazia macho. Santuri ndefu (LP) ya bendi ya Jazz Epistles ya 1960, yenye Dollar Brand, Hugh Masekela, Kippie Moeketsi na Jonas Gwangwa, ilichapwa nakala 500 tu. Ya asili ni nadra sana, kwa hiyo ukitajiwa anza kwa kudhani umeonyeshwa iliyochapwa upya, mpaka namba ikuthibitishie. Kwa miaka ya 1970 tafuta lebo ya As-Shams ya Rashid Vally.

Za Zambia za miaka ya 1970, kama WITCH na Amanaz, si jazz, ni bendi za roki yenye gitaa la fazi, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi. Nazitaja kwa sababu zinakaa kwenye maboksi yaleyale na wakusanyaji wa nje wanazisaka kwa bidii. Zimechapwa upya pia, basi kanuni ya Kihesa ya msimbo wa mistari itumike.

Fundi Gramafoni, Soweto (ya Mbeya)

Swali hujirudia: unajuaje toleo la kwanza la Blue Note, ile lebo ya jazz ya Marekani? Herufi RVG ni alama ya fundi mitambo Rudy Van Gelder, na watu wanaishia hapo. Haitoshi. Alama hiyo ilibaki kwenye machapisho ya baadaye yaliyotumia sahani zilezile za kuchapia. Tafuta alama ndogo kama herufi P ya mwandiko, inayofanana na sikio, kwenye eneo tupu. Ni ya kiwanda cha Plastylite, kilichoichapia Blue Note mpaka kampuni ilipouzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 1960. RVG bila sikio, kwa toleo la 1958 tuseme, maana yake imechapwa baadaye.

Sasa sindano, maana hapa ndipo santuri zinapouawa. Mfereji wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana, unataka sindano ya mikroni 65 hadi 75. Santuri ndefu ya stereo inataka 15 hadi 18. Ukicheza 78 kwa sindano ya stereo, inazama chini ya mfereji na kusugua uchafu, unasikia kelele tupu halafu unaipa santuri daraja la chini isilostahili. Ukifanya kinyume unaharibu kabisa. Na usiicheze 45 ya plastiki, yaani santuri ndogo ya mizunguko 45, kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wake una uzito wa zaidi ya gramu 100, sindano ni ya chuma, mara moja tu inatosha kukata mfereji.

Binti Rungwe, Tukuyu

Wakuu, mimi nasemea unyevu, maana Tukuyu mvua haituachi na Mbeya baridi ni baridi.

Kuvu huanza kwenye jalada la karatasi, kisha huhamia kwenye santuri kupitia alama za vidole. Ukiona madoa meupe yenye umbo la matawi, toa santuri nje ya nyumba, ifute ikiwa kavu kwa brashi laini, ndipo uioshe. Ukiifuta sebuleni, mbegu za kuvu zinahamia kwenye maboksi mengine. Jalada la ndani lenye kuvu litupwe, haliokoleki.

Kuosha santuri za plastiki, yaani 45 na ndefu: maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled water), yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri, usichukue tindikali ya betri kwa bahati mbaya, chupa hukaa rafu moja. Lita 1 ya maji, matone 2 au 3 ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki cha sentimita 10. Kitambaa laini kifuate mzunguko wa mifereji, kisikate katikati. Suuza kwa maji mengine ya betri yasiyo na sabuni, kisha simamisha kwenye rafu ya kukaushia vyombo saa 2, mbali na jiko. Maji ya bomba huacha chumvi na chokaa ndani ya mfereji. Yakikauka, unasikia milio midogo ya kelele ambayo haikuwepo kabla ya kuosha.

Santuri za 78 ni habari nyingine. Nyingi zimetengenezwa kwa gundi ya shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Tone moja linatosha kuua upande mzima. Kwa hizo tumia kitambaa kilicholowa kidogo tu, upande mmoja kwa mmoja, kausha papo hapo.

Kuhifadhi: zisimame wima, zisibanane wala zisiegemee. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni ukiwa umekazwa, unafungia unyevu ndani. Acha sentimita 10 kati ya rafu na ukuta wa nje, maana ukuta wa Tukuyu unatoka jasho.

Kihesa 45

Dada, asante. Na sisi wa Iringa kiangazi adui ni vumbi, hasa la Julai hadi Oktoba. Kwetu osha kwanza, cheza baadaye. Vumbi likisagwa na sindano linageuka msasa.

Mzee wa Sindano, Mwanjelwa

Daraja na bei. Wanunuzi wanatumia mizani ya jarida la Goldmine, kutoka M (mpya kabisa) na NM (karibu mpya) kushuka hadi P (mbovu): M, NM, VG+, VG, G+, G, F, P. M karibu isitumike kabisa kwa kitu kilichofunguliwa. Kosa linaloleta ugomvi ni kutoa daraja kwa macho. Mifereji iliyochoka kwa sindano nzito hung'aa vizuri lakini sauti ya juu inakwaruza, hasa saksafoni na sauti za waimbaji mwishoni mwa upande. Cheza pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho, kisha andika: inaruka wapi, kwenye dakika ya ngapi, mkwaruzo unasikika au unaonekana tu. Ukiwa kati ya madaraja mawili, chukua la chini. Kwa 78, iweke kwenye kidole kupitia tundu la kati, igonge pembeni kwa kifundo cha kidole, polepole. Nzima hulia, yenye ufa hutetemeka mlio mbovu.

Picha: lebo mbili, maandishi yaliyochimbwa, jalada mbele na nyuma, na moja ya uso wa santuri chini ya taa inayotoka pembeni. Taa ya juu huficha mikwaruzo. Mnunuzi makini akikuomba sekunde 30 za sauti, mpe.

Bei ni ile iliyouzwa, si iliyoombwa. Discogs inaonyesha ya chini, ya kati na ya juu kwa mauzo yaliyokamilika. Popsike inahifadhi matokeo ya minada. Angalia pia daraja la zile zilizouzwa, maana VG na NM za toleo moja ni bidhaa mbili.

Hesabu ya makato: tangu 2023 Discogs inakata asilimia 9, na inakata juu ya bei pamoja na usafirishaji. Santuri ya dola 40 yenye usafirishaji wa dola 25 ni 65, kato ni 5.85. Ukilipa posta 25 unabaki na 34.15, kabla ya makato ya njia ya malipo na kubadilisha fedha. Anayesahau kwamba nauli nayo inakatwa hujikuta analipia posta kutoka mfukoni. Na kabla ya kuweka tangazo lolote, hakikisha akaunti yako ya malipo inapokea fedha, siyo inalipa tu. Mwombe mtu wa nje akutumie dola 1, uone inaingia na inatoka.

Mama Mizigo, Makambako

Kufunga mzigo. Santuri ndefu itoe ndani ya jalada, iweke nyuma yake kwenye mfuko wake wa ndani. Ikibaki ndani, mzigo ukidondoka ukingo wa santuri unapasua mshono wa jalada, na jalada ni sehemu kubwa ya bei. Kata vipande viwili vya boksi kubwa kuliko jalada kwa sentimita 1 kila upande, kimoja mawimbi yake yasimame, kingine yalale. Mawimbi yakipishana, boksi halikunjiki. Funga kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha ndani ya boksi la nje.

Uzito wa kukadiria: 45 ni kama gramu 40, santuri ndefu bila jalada 120 hadi 180, 78 ya inchi 10 ni kama gramu 200. Pima mzigo uliokwisha kufungwa ndipo utaje nauli.

Posta: fomu ya forodha ya CN22 kwa thamani hadi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), zaidi ya hapo CN23. Andika santuri iliyotumika, thamani halisi, na namba ya forodha 8523.80. Ukiandika zawadi ya dola 5 na ikapotea, fidia ni ya hizo dola 5. Namba ya kufuatilia ina tarakimu 9 katikati ya herufi, na mwisho ni TZ. Mpe mnunuzi siku hiyohiyo.

Kwa basi kwenda Dar, maboksi yasizidi santuri ndefu 20, zisimame wima, boksi lisiwe na nafasi ya kucheza. Zikilazwa na gunia la viazi likawekwa juu, za chini zinapinda kabla ya kumaliza mteremko wa Kitonga.

Fundi Gramafoni, Soweto

Mama, kwa 78 ongeza: ziwe 5 tu kwa boksi, karatasi nene kati ya kila moja, sentimita 5 za magazeti yaliyokunjwa pande zote sita. Hazipindi, zinavunjika. Na ya pembeni kabisa isiguse ukuta wa boksi, hiyo ndiyo hufa kwanza.