Naombeni ushauri: kuzuia sigara kwenye kijiji kinachoishi kwa tumbaku

Mkulima wa Urambo
Habari zenu wakuu. Nalima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto kwenye bani, huku Urambo, Tabora, na ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Akina mama wameniletea ombi: uvutaji ukomeshwe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika na kwenye mikutano. Siku za soko ghala hufurika. Mama amekaa juu ya belo lake la tumbaku akisubiri zamu ya mizani, mtoto mgongoni, na pembeni yake wanaume watatu wanapuliza misokoto ya gazeti. Nilipoligusia hilo, mzee mmoja akasimama: "Tumbaku imekusomeshea watoto, leo unaionea aibu?" Akapigiwa makofi. Wengi wanahofia kwamba tukizuia kuvuta leo, kesho tutaambiwa tung'oe miche. Mkutano mkuu umekaribia. Nianzie wapi?

Bani la Kaliua
Mkuu, anzia kwenye moto. Majani makavu, magunia na kamba, halafu mtu anatupa kichungi cha sigara hapohapo! Ghala likiwaka, mkopo wa mbolea bado unakudai. Hoja hiyo hata mvutaji ataikubali, kwa sababu belo lake nalo limo humo ndani.

Muuguzi wa zahanati
Moto sawa, lakini afya msiifiche. Wakulima wa tumbaku hawahitaji mhadhara kujua kwamba nikotini ina nguvu. Waulize nani amewahi kuchuma majani yenye umande asubuhi, akarudi nyumbani na kizunguzungu na kutapika. Ile ni nikotini iliyopita kwenye ngozi. Kisha waambie kwamba moshi wa sigara anaouvuta mjamzito aliyekaa jirani unamfikia na mtoto aliye tumboni. Mimi nawahudumia akina mama hawa, na inaniuma kuona wanaambiwa wavumilie kwa sababu zao la tumbaku ndilo linalolisha kijiji.

Mtendaji mstaafu
Ndugu mjumbe, hamtungi jambo jipya. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ipo tangu 2003, inazuia uvutaji kwenye maeneo kadhaa ya umma na inakataza kumuuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Mkitaka sheria ndogo yenu, halmashauri ya kijiji iandae rasimu, mkutano mkuu uijadili, kisha iende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Msianze kutoza faini kabla ya hapo. Nimeona vijiji vikigombana kwa mambo madogo kuliko haya.

Mvuta kiko
Mwanangu, mimi ni mvutaji na nina ekari zangu. Sipingi ghalani kusivutwe. Ninachokataa ni kufukuzwa kama mwizi mbele ya wajukuu. Tutengeeni kivuli mbali na mlango, tuwekeeni benchi, basi. Na huyo mzee aliyesimama usimjibu mkutanoni, mfuate nyumbani kwake.

Mkulima wa Urambo
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nitamwendea kabla ya mkutano. Nadhani nitamweleza pia kwamba sehemu kubwa ya tumbaku yetu inauzwa nje ya nchi. Bei yetu haitegemei misokoto inayovutwa pale ghalani, kwa hiyo mtu akivutia nje ya ghala hakuna mkulima atakayepoteza hata senti. Swali moja limebaki: kwenye rasimu tuweke faini au tusiweke?

Mtendaji mstaafu
Wekeni, ila iwe ndogo, na kosa la kwanza liwe onyo. Msimamizi awe mlinzi wa ghala, asiwe mgambo, maana mgambo akianza kukamata wazee siku ya malipo, hiyo sheria haitamaliza msimu.

Bani la Kaliua
Na ndoo ya mchanga iwekwe pale kwenye benchi la wazee, ya kuzimia vichungi.